Kukusanya au Kufasiri? Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo Mmoja wa Kompyuta

Miongoni mwa matini za kitaalamu zilizotufikia ili tuzitolee maoni, umo mwongozo mmoja mfupi, usiozidi kurasa 40, unaomfundisha msomaji namna ya kuchukua maktaba ya programu ikiwa bado katika hali ya maandishi ya watunzi wake, kuigeuza iwe kitu ambacho mashine inaweza kukitumia, na kuiweka mahali pake ndani ya kompyuta. Mwongozo huo umetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kimoja. Hatutataja jina la chuo wala la mfasiri, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake; mengi ameyaokota njiani, katika orodha za istilahi ambazo sisi sote tumezitumia bila ya kuzihoji. Kiswahili chake ni fasaha, sentensi zake hazina mikunjo, na amethubutu kuingia mahali ambapo wengi wetu tumepakwepa. Hayo yote tunayakiri kabla ya kuanza.

Mfano unaotumika katika mwongozo ni maktaba iitwayo GMP, ambayo kazi yake ni kukokotoa namba kubwa mno. Kompyuta za kawaida za siku hizi hushughulikia kwa mkupuo mmoja namba kamili isiyozidi 18,446,744,073,709,551,615, yaani namba ya tarakimu 20. GMP huuondoa mpaka huo, na kinachobaki kuwa kizuizi ni ukubwa wa kumbukumbu ya mashine tu. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, mtunzi wake mkuu akiwa Torbjörn Granlund, na toleo la 6.3.0 lilitoka mwaka 2023. Ni maktaba huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma maandishi yake, kuyarekebisha na kuyagawa, mradi ayatimize masharti ya leseni.

Sasa tuitazame aya ambayo ndiyo moyo wa mwongozo. Tunainukuu ilivyo: "Pakua maktaba ya bure, kisha fungua lami. Sanidi kwanza tegemezi zote. Sanidi maktaba. Kusanya msimbo. Tengeneza hundi. Mwisho, kama mzizi, sanidi."

Msomaji anayekijua Kiingereza atacheka, kwa kuwa nyuma ya kila neno anaiona sura ya neno la asili. Lakini mwongozo haukuandikiwa yeye. Uliandikiwa asiyekijua Kiingereza, au anayekijua kwa shida, na huyo hacheki. Mmoja wao alitupigia simu. Ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, aliyetaka kuwaonyesha wanafunzi wake tarakimu zote 302 za 2 kwa kipeo cha 1000. Aliipata nakala ya mwongozo, akaufuata hatua kwa hatua. Alipofika penye amri ya kukusanya alifanya kile ambacho Kiswahili kilimwamuru: aliyatoa majalada yote katika makabrasha yake mbalimbali, akayarundika pamoja katika kabrasha moja. "Ndugu zangu," alituambia, "nimekwisha kukusanya, mbona hakuna kilichotokea?"

Hatuwezi kumlaumu. Kukusanya ni kuleta pamoja vitu vilivyotawanyika: kuni, kodi, wanafunzi uwanjani, habari. Hakuna mahali katika Kiswahili ambapo kitu kikikusanywa hugeuka kuwa kitu kingine. Kuni zilizokusanywa ni kuni vile vile. Ilhali hatua inayozungumziwa ni ya mgeuzo mtupu: maandishi yaliyotungwa kwa lugha ambayo mwanadamu aliyejifunza anaweza kuisoma hugeuzwa yawe maagizo ya namba tupu ambayo kichakato cha mashine fulani hukitii. Majalada yakitoka katika mpango wake, kama alivyofanya mwalimu wetu, hata mgeuzo wenyewe hushindikana, kwa sababu amri zinayatafuta pale yalipoachwa na watunzi.

Neno hili kukusanya limetoka wapi? Limetokana na kamusi ya Kiingereza, katika ile maana ya kwanza ya kitomeo, kama vile kukusanya diwani au kukusanya takwimu. Na la kustaajabisha ni kwamba mwanzoni hata Waingereza na Wamarekani walikuwa wakikusanya kwelikweli. Grace Hopper, alipotengeneza nchini Marekani programu yake ya A-0 kwa ajili ya mashine ya UNIVAC katika miaka ya 1951 na 1952, aliifanya ichukue orodha ya namba za vijiprogramu vilivyokwisha kuandikwa, ivitafute katika utepe, na ivipange pamoja kuwa programu moja. Huko kulikuwa ni kukusanya kwa maana yake halisi. Lakini ilipofika mwaka 1957, John Backus na wenzake wa IBM walipotoa FORTRAN, kazi ilikuwa imekwisha kuwa nyingine: mtu aliandika kanuni zake kwa lugha iliyokaribia lugha ya hisabati, nayo mashine ikazigeuza kuwa lugha yake. Kazi ilibadilika, neno likabaki. Lugha iliyozaa neno ina haki ya kubaki nalo, kwani wasemaji wake walibadilika pamoja nalo. Sisi tulioingia baadaye tuna sababu gani ya kutafsiri maana iliyokwisha kufa?

Lugha nyingine hazikufungwa hivyo. Kifini humwita mtafsiri wa vitabu na programu hii kwa neno moja, kääntäjä. Kiaislandi nacho kina neno moja kwa wote wawili. Wajerumani hutumia neno lenye asili ya Kilatini, na pia neno lao la kawaida lenye maana ya mfasiri. Tunapendekeza nasi tufuate njia hiyo, na tunadhani wasomaji wa jarida hili, ambao wengi ni wafasiri, wataona mara moja kwamba Kiswahili kina faida kuliko lugha hizo zote.

Kwanza, Kiingereza hakina njia ya kumtenga mtu na chombo. Tamati ile ile hutumika kwa wote. Sisi tunazo ngeli. Mfasiri ni mtu, kifasiri ni chombo, kama vile kipimajoto, kikokotoo na kinasasauti. Pili, tunao mkalimani. Kila aliyepita katika darasa la tafsiri anajua tofauti: mfasiri hupewa matini nzima, akakaa nayo, akaitoa nzima katika lugha nyingine, na msomaji akaipata baada ya mfasiri kuondoka, mkalimani husimama kati ya msemaji na msikilizaji, akageuza sentensi kwa sentensi papo hapo, na akinyamaza mazungumzo yamekwisha. Hiyo ndiyo tofauti hasa iliyopo kati ya aina mbili za programu zinazogeuza lugha za kompyuta. Moja huigeuza programu nzima kabla haijaendeshwa. Nyingine huigeuza na kuitekeleza hapo hapo, hatua kwa hatua, na haina budi kuwapo wakati wote. Kwa Kiingereza mwanafunzi hulazimika kueleweshwa tofauti hiyo kwa ufafanuzi mrefu. Kwa Kiswahili ingetosha kusema kifasiri na kikalimani.

Tatu, wafasiri wetu wamekwisha kujiwekea istilahi za kazi yao. Husema matini chanzi na matini lengwa, na istilahi hizo zinafundishwa. Maandishi ya mtunzi wa programu ni matini chanzi. Maagizo ya namba yanayotokana nayo ni matini lengwa. Kilicho kati yake ni kifasiri. Mfumo mzima ulikuwa umesimama nyumbani kwetu, nasi tukaenda kuomba kwa jirani. Hata hivyo hatupendekezi kuliondoa neno msimbo, ingawa tunalinung'unikia kidogo, kwa sababu linaleta wazo la maandishi ya siri, na hapa tunazungumzia maandishi yaliyoachwa wazi makusudi ili kila mtu ayasome. Msimbo chanzo limekwisha kuenea, na istilahi iliyoenea haing'olewi kwa nongwa ndogo.

Kuna hoja inayoonyesha ubora wa kufasiri kuliko nyingine zote. Watunzi wa GMP wameonya, tena kwa msisitizo, kwamba vifasiri huikosea maktaba hii mara nyingi mno, na kwamba mtu asiitumie nakala aliyoigeuza kabla ya kuipima. Mfasiri anayekosea tunamfahamu. Sote tumekuwa yeye. Matini lengwa inaweza kusomeka vizuri, bila ya kukwama popote, na huku inasema jambo ambalo mtunzi hakulisema. Ndivyo ilivyo kwa maktaba iliyofasiriwa vibaya: haikatai kufanya kazi, hukubali, na kutoa tarakimu zisizo sahihi. Mwongozo wetu, kwa kuwa umeshika neno kukusanya, umelazimika kusema msimbo "ukikusanywa vibaya". Msomaji ataelewa nini hapo? Kwamba jalada moja limesahauliwa?

Pingamizi lipo, na tulilipata miongoni mwetu wenyewe. Programu zenyewe hutafsiriwa pia kwa maana ya kawaida, yaani menyu na ujumbe wake kuwekwa katika Kiswahili, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyofanya mwaka 2004 kwa mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice. Akisema mtu kwamba programu imefasiriwa, tutajuaje ni kwa maana ipi? Tunakiri kwamba utata huo upo. Jawabu letu ni kwamba palipo na wasiwasi itajwe lugha lengwa: imetafsiriwa kwa Kiswahili, imefasiriwa kwa lugha ya mashine. Tena wengi wanapenda kutumia tafsiri kwa vitabu na hotuba. Basi fasiri iachiwe vyombo. Kikalimani nacho kina kasoro yake, kwamba masikioni mwa wengine kitamaanisha namna ya kufanya jambo kama mkalimani. Kasoro hiyo hatujaipatia dawa.

Tumekaa sana juu ya neno moja. Lipo la pili ambalo kwa maoni yetu ni la hatari zaidi, kwa kuwa halichekeshi na hivyo halistukiwi. Mwongozo unasema: "Sanidi kwanza tegemezi zote." Maktaba moja huhitaji nyingine ili iweze kufanya kazi; ile inayohitajiwa ndiyo inayotakiwa kuwekwa kwanza. Walimu wa sarufi wanajua kishazi tegemezi ni kipi: ni kile kisichoweza kusimama peke yake. Mtoto ni tegemezi kwa mzazi. Tegemezi, basi, ni kinachoegemea. Kinachoegemewa ni tegemeo. Mfasiri wetu amechukua neno la Kiingereza ambalo katika ufundi huu hutaja kile kinachoegemewa, akalitia katika neno la Kiswahili linalotaja kinachoegemea, na agizo lote likapinduka kichwa chini miguu juu.

Si ubishi wa wanasarufi. Ipo maktaba iitwayo MPFR, inayoshughulikia namba za desimali kwa usahihi wa kiwango chochote. Hiyo huitegemea GMP. Ipo nyingine, MPC, ya namba changamano. Hiyo huzitegemea zote mbili. Kwa Kiswahili sahihi, MPFR ni tegemezi ya GMP, na GMP ni tegemeo la MPFR. Anayetii agizo la mwongozo kama lilivyoandikwa ataanza na MPFR, nayo itakoma mara moja ikilalamika kwamba haioni jalada la gmp.h. Atasoma upya mwongozo, ataona amefuata, ataanza tena. Tunapendekeza iandikwe: weka kwanza mategemeo ya maktaba hii. Kwa GMP yenyewe mategemeo ni machache. Ukiacha kifasiri na vyombo vya kawaida vya ujenzi, kinachosahauliwa mara nyingi ni kiprogramu kidogo kiitwacho m4.

Na hapa tuongeze jambo linalofurahisha. Kifasiri maarufu cha GCC, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, siku hizi chenyewe hakiwezi kujengwa bila ya GMP, MPFR na MPC. Kwa hiyo GMP hufasiriwa na kifasiri kinachoitegemea GMP. Ni kuku na yai, na asiyelitofautisha tegemezi na tegemeo hawezi hata kuieleza habari hiyo.

Neno sanidi limetumika mara tatu katika aya ile, na kila mara kwa maana yake. Kwanza ni kuweka mategemeo, kisha ni ile hatua ambapo jalada la amri liitwalo "configure" huichunguza mashine, likatambua ni kichakato cha aina gani na kifasiri gani kimo, na kuandaa mpango wa kazi. Na mwisho ni kuiweka maktaba iliyokamilika mahali pake. Kwa GMP hatua ya uchunguzi si ndogo, kwani baadhi ya sehemu zake zimeandikwa kwa lugha ya kila aina ya kichakato, na ndipo huchaguliwa inayofaa. Sanidi tumeikuta ikitumika kwa uchunguzi huo na kwa uwekaji pia, katika maandishi mbalimbali, na bila shaka mfasiri wetu alikuta vivyo hivyo. Tunashauri sanidi ibaki kwa kuandaa, na kuweka kuitwe kusakinisha. Wapo wanaolichukia neno hili la pili wakidai limetengenezwa kwa nguvu. Sisi tunaliona lina nasaba njema: sakini ni kukaa mahali, maskani ni makao, na kusakinisha ni kukipatia kitu makao. Maktaba iliyosakinishwa hupata makao hasa, kwa kawaida katika kabrasha la /usr/local/lib, na jalada lake la kichwa katika /usr/local/include.

Maktaba lenyewe tunalitetea. Kuna wanaotaka ghala au hazina, wakisema mwanafunzi akisikia maktaba huona vitabu. Na aone. Huko Cambridge, ambako mashine ya EDSAC ilianza kazi mwezi wa Mei 1949, vijiprogramu vilivyotumika mara kwa mara vilitobolewa katika kanda za karatasi na kuwekwa ndani ya kabati, na mwenye haja alikwenda akatoa alichokihitaji. Kitabu cha Wilkes, Wheeler na Gill cha mwaka 1951 kinaeleza maktaba hiyo. Tena maktaba haiendeshwi, huendewa. Mwalimu wetu, baada ya kumaliza hatua zote, alitafuta alama ya kubonyeza, asiione. Alipoambiwa kwamba hii ni maktaba, haijisomi yenyewe, sharti aandike programu fupi iende kusoma humo, alielewa papo hapo. Ghala lisingemsaidia.

Lami ni upotovu usiohitaji maneno mengi. Ni ufupisho wa majina mawili yenye maana ya kumbukumbu za utepe, nao uliangukia kufanana na neno la Kiingereza la lami. Aseme kifurushi. Ya bure pia iondolewe. Kiingereza kina neno moja la uhuru na la kutolipa, na wenye programu hizi wamehangaika tangu miaka ya 1980 kueleza kwamba wanakusudia la kwanza. Kiswahili hakina tatizo hilo. Tuna huria, neno tulilokwisha kulizoea katika soko huria na Chuo Kikuu Huria.

Kubwa zaidi ni "tengeneza hundi". Hapa mfasiri ametafsiri kitu ambacho hakikupaswa kutafsiriwa kabisa. "make", "make check" na "make install" ni amri zinazopigwa chapa herufi kwa herufi. Si maneno ya mwanadamu kwa mwanadamu, na mashine haina kamusi ya Kiswahili. Katika mwongozo wowote wa namna hii kuna lugha mbili zinazopita katika ukurasa mmoja, na kazi ya kwanza ya mfasiri ni kupiga mstari kati yake: amri ibaki kama ilivyo, maelezo ya amri yafasiriwe. Maelezo ya amri hii ni kuihakiki maktaba, yaani kuipa mahesabu ambayo majibu yake yanajulikana na kuona kama itayapata.

Mwalimu aliruka hatua hiyo. Alituambia aliposoma hundi alidhani ni habari ya malipo, na kwa kuwa ukurasa wa kwanza ulisema maktaba ni ya bure, aliona haimhusu. Yaani makosa mawili ya mfasiri yalishirikiana kumtoa katika hatua ambayo watunzi wa GMP wameisisitiza kuliko zote. Alikuwa siku mbili kabla ya kusimama mbele ya darasa na tarakimu 302 ambazo hakuna aliyezipima. Tulimsihi arudi nyuma. Alirudi, akahakiki, na majaribio yote yakapita.

"Kama mzizi" tulimweleza kuwa ni kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, na kwamba mamlaka hayo yatumike kwa hatua ya kusakinisha tu. Alishukuru, kisha akaomba tumwandikie aya nzima upya, ili awagawie walimu wenzake. Tulimwandikia hivi:

"Pakua kifurushi cha maktaba huria ya GMP, ukifungue. Hakikisha kwamba mategemeo yake, yaani kifasiri cha lugha ya C na m4, yamo katika mashine. Ingia katika kabrasha lililofunguliwa, bila ya kuhamisha jalada lolote. Isanidi maktaba kwa amri ./configure. Ifasiri kwa amri make. Kazi hii huchukua muda. Ihakiki kwa amri make check, na jaribio lolote likishindwa, usiendelee. Kisha, kwa mamlaka ya msimamizi, isakinishe kwa amri make install."

Orodha ya mapendekezo yetu, pamoja na hoja za waliotupinga kuhusu kikalimani, tumeiwasilisha kwa kamati ya istilahi. Nakala nyingine tumempelekea mfasiri, ambaye ametujibu kwamba anakubali yote isipokuwa kifasiri, na kwamba ataandika sababu zake.